Mashine ya espreso ya bei nafuu nyumbani Mwanza: kuichagua, kuitumia na kuitunza

Anayetaka espreso nyumbani huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Aanze kwa kujiuliza kahawa atasagia kifaa gani. Mashine ya laki chache ikipewa kahawa iliyosagwa vizuri asubuhi ile ile itakutolea kikombe cha heshima. Mashine ya milioni kadhaa ikipewa unga uliokaa dukani nusu mwaka itakutolea maji meusi. Kwa mkazi wa Mwanza msimamo wangu ni huu: mashine nunua ya bei ya chini, pesa uliyookoa ipeleke kwenye kinu cha kusagia, na kahawa iagize ng'ambo ya ziwa, Kagera.

Pampu au mvuke

Mashine zinazouzwa kwa jina la espreso ni za namna mbili, na muuzaji mara nyingi hazitofautishi. Ya kwanza haina pampu. Ina tangi dogo la chuma lenye kifuniko cha kukaza kwa kuzungusha. Unamimina maji humo, yanachemka, na mvuke wake ndio unaoyasukuma yapite kwenye kahawa. Boksi lake huandikwa bar 3.5 au bar 5; bar ni kipimo cha msukumo. Ya pili ina tangi la plastiki la kuchomoa na pampu ndogo inayonguruma ukibonyeza kitufe. Boksi lake husema bar 15.

Chukua ya pampu. Espreso hukamuliwa kwa msukumo wa bar 9 hivi, na mvuke peke yake haufiki huko. Unachofanya ni kuyapandisha maji joto hadi yaunguze kahawa. Waitalia walihangaika na jambo hili kwa miongo. Luigi Bezzera wa Milan alisajili hataza ya mashine yake mwaka 1901, na kahawa ikawa inatoka haraka, lakini bila lile povu la rangi ya dhahabu tulilolizoea leo. Povu lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Achille Gaggia alipoleta mtambo wa kuvuta kwa mkono, springi ikasukuma maji badala ya mvuke. Ukinunua mashine ya mvuke leo umejirudisha zama za kabla ya Gaggia, na juu ya hapo una kifuniko ambacho mtu akikifungua kabla mvuke haujaisha anaungua uso.

Hiyo bar 15 isikupe kiwewe. Ni uwezo wa juu wa pampu, si msukumo unaoifikia kahawa. Iliyoandikwa bar 20 haikuongezei kitu kikombeni.

Kwa bajeti ndogo, De'Longhi Stilosa ni mfano mzuri: wati 1100, boila ndogo, vitufe vichache vya kuharibika. Dedica ya kampuni hiyo hiyo ni nyembamba, upana wa sentimita 15, na huwa tayari upesi kwa sababu hupasha maji yanapopita badala ya kuyahifadhi kwenye boila. Zote zinatumia kichujio, yaani kikombe cha matundu kinachobeba kahawa, cha milimita 51, kipimo kinachotumika pia kwenye mashine nyingi za chapa zisizojulikana. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, kwani vichujio vya ziada na vishindilio (vya kukandamizia kahawa) vya kipimo hicho hupatikana mtandaoni kwa urahisi. Gaggia Classic, yenye kichujio cha milimita 58, ni daraja jingine na bei nyingine. Inadumu sana, ila haihitajiki kwa kuanzia.

Ukienda kwenye mtumba utaambiwa, "Bosi, hii orijino ya Ulaya, haijaguswa." Sawa. Igeuze kwanza usome kibati cha nyuma au chini. Unatafuta volti 220–240 na hezi 50. Ikiandikwa 120V imetoka Marekani. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua palepale, na transfoma ya kuhimili wati zaidi ya elfu moja ni nzito na ya gharama. Kisha omba iwashwe. Nenda na chupa yako ya maji na kahawa kidogo iliyosagwa. Kamua maji matupu uone kama yanashuka yameenea au yanachirizika upande mmoja. Funga mkono wenye kahawa, ule mpini unaoshika kichujio, kamua, tazama kama maji yanavuja pembezoni mwa kichwa cha mashine, pale mkono unapofungwa: hiyo ni gasketi, mpira wa kuzuia maji, inabadilishika, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Maji yakionekana chini ya mashine yenyewe, acha. Pampu ikinguruma na tone lisitoke, acha pia, hata muuzaji akiapa kwamba ilikuwa inafanya kazi jana.

Umeme

Plagi ya Ulaya yenye ncha mbili za duara usiitumie kwa adapta ya bei ya mchicha. Mwite fundi aikate, aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, waya wa ethi ukiwa umefungwa sawasawa. Kifaa kinachochanganya maji, joto na umeme bila ethi si cha kuweka jikoni kwenye watoto. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba ambayo tayari imebeba friji na jagi la kuchemshia haifai.

Umeme ukikatika, chomoa mashine, usisubiri urudi nayo imewashwa, maana umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuondoka na saketi. Wenye kifaa cha kulinda friji wanaweza kuipitisha humo, mradi kiwe kinahimili ampea zake. Ukikatika katikati ya kukamua, usiuguse mkono wa mashine. Ndani bado kuna msukumo. Fungua bomba la mvuke upumue nje, subiri dakika chache, ndipo ufungue.

Kuhusu LUKU, watu huogopa bila sababu. Mashine ya wati 1100 hata ingewaka robo saa bila kupumzika haifiki theluthi ya uniti, na kwa kweli inapumzika kila joto likitimia. Anayetumia sola ndogo ya taa na televisheni ndiye mwenye shida ya kweli, kwa sababu inveta yake haitaibeba. Kwa yeye, na kwa aliyeko kisiwani umeme unakosumbua, ningesema aachane na mashine anunue birika la moka, lile la Kiitaliano lililobuniwa mwaka 1933, aliweke kwenye jiko la gesi. Si espreso, lakini ni kahawa nzito, na linadumu miaka na miaka.

Maji

Hapa Mwanza tuna bahati tusiyoisifu. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Chokaa yake ni kidogo. Mashine inayotumia maji ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, haitaganda magamba kwa kasi ya mashine inayonyweshwa maji magumu ya kisima. Ukitaka kujua yako ni ya kundi gani, chungulia ndani ya jagi lako la kuchemshia: ukoko mweupe chini ni chokaa, na huo huo utajijenga ndani ya boila usikoona.

Kero yetu ni nyingine. Maji yakishalala kwenye simtanki juu ya paa yanabeba tope na mchanga mwembamba, na siku nyingine yana harufu ya klorini. Mchanga huziba vali ndogo za pampu. Chemsha maji, yaache yapoe na kutuama, chuja kwa kitambaa safi, ndipo uweke kwenye tangi la mashine. Usiweke ya moto. Pampu haijatengenezwa kwa hilo. Jioni mwaga yaliyobaki, kwa kuwa kwa joto la mji wetu utelezi unaanza kujishika kwenye tangi ndani ya siku chache.

Kahawa yenyewe

Ng'ambo ya ziwa, Kagera, ndiko iliko robusta ya Tanzania, aina ya kahawa iliyo kali kuliko arabika: Bukoba, Muleba, Missenyi, Karagwe, Kyerwa. Huko kahawa ni zao la biashara na pia ni heshima ya nyumba, kwani Wahaya humkaribisha mgeni kwa buni zilizochemshwa pamoja na majani ya harufu na kukaushwa, zikatafunwa hivyo hivyo. Meli ya usiku kutoka Bukoba na Kemondo inaleta ndizi na watu, na ukiwa na ndugu au rafiki huko, kilo ya kahawa iliyokaangwa wiki hii inaweza kuwa mlangoni kwako kesho asubuhi. Wapenzi wa espreso wa miji mingi mikubwa duniani hawana jambo hilo.

Lakini robusta ina jina baya. Watakwambia ni chungu, ni kahawa ya kuyeyushia viwandani, na anayejua kahawa hunywa arabika. Ni kweli kwamba ni chungu zaidi na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Ni kweli pia kwamba michanganyiko mingi ya Kiitaliano ya espreso imekuwa na robusta ndani yake tangu zamani, kwa sababu inatoa povu zito linalodumu na uzito mdomoni ambao arabika peke yake hautoi. Na inasamehe. Arabika iliyokaangwa kwa moto mdogo inataka joto lisiloyumba na kusaga kwa usahihi ambao mashine ndogo haiwezi. Ikikosewa kidogo inatoka chachu. Robusta iliyokaangwa hadi kahawia iliyokolea inakubali kuyumba kwa joto la mashine ya bei nafuu bila kukuaibisha. Kwa hiyo kahawa inayodharauliwa ndiyo inayofaa mtambo wetu.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa kuanzia ni sehemu mbili za arabika na moja ya robusta. Arabika si lazima itoke Kilimanjaro au Mbeya. Tarime, mkoa jirani wa Mara, wanalima. Anayekunywa na maziwa mengi aende nusu kwa nusu, ladha ya kahawa isipotee.

Unaponunua, uliza ilikaangwa lini. Muuzaji asiyejua, nenda kwa mwingine. Kahawa iliyokaangwa jana nayo ina gesi nyingi, itatoa povu kubwa lisilo na kitu. Ipe kama wiki moja ndani ya mfuko uliofungwa, kisha uitumie ndani ya mwezi. Isiwe inametameta kwa mafuta, maana mafuta hayo hunata kwenye meno ya kinu na kuchacha.

Kuna wanaokaanga wenyewe nyumbani, na si kazi ngumu: kikaango kizito, mkaa wa wastani, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi, mwiko usisimame. Buni zitapasuka kwa mlio kama bisi. Baada ya mlio huo kutulia, endelea dakika moja au mbili hadi rangi ikolee, mwaga kwenye ungo, pepeta zipoe haraka. Usikaange nyingi kuliko unavyokunywa kwa wiki mbili.

Mambo mawili yasiingie kwenye mashine kabisa. Moja ni kahawa ya kuyeyuka, ya kopo au ya paketi, kwani inageuka gundi ndani ya kichujio. La pili ni kahawa iliyosagwa pamoja na tangawizi au iliki kama ile ya kijiweni. Kijiweni naipenda, pamoja na kashata yake, lakini unga wake ni laini mno kwa mtambo, na harufu ya viungo haitatoka kwenye mpira wa gasketi. Ukitaka tangawizi, ichemshe kwenye maziwa.

Kusaga

Blenda ya viungo yenye kisu haisagi, inakatakata. Inakupa vumbi na vipande pamoja. Maji yanapita kwenye vipande bila kuchukua ladha na kukwama kwenye vumbi yakachukua uchungu. Mashine ya nafaka ya mtaani ndiyo usiiwaze hata kidogo, labda unataka espreso yenye harufu ya dona. Unachohitaji ni kinu chenye meno mawili yanayosagana, ambayo umbali wake unarekebishika kwa hatua ndogo. Cha mkono chenye meno ya chuma ni nafuu kuliko cha umeme cha ubora ule ule, na hakijali umeme umekatika. Kazi yake ni dakika moja au mbili kwa kikombe.

Kabla ya kuamua usage laini kiasi gani, geuza kichujio chako ukitazame kwa chini. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kichujio cha kuta mbili: ndani kina matundu mengi, lakini kwa nje kuna tundu moja tu dogo. Tundu hilo ndilo linalobana maji na kutengeneza msukumo, hata kama kahawa imesagwa ovyo. Kwa kichujio hiki saga kiasi cha chumvi ya mezani, usisage laini zaidi ya hapo, kitaziba. Kichujio cha ukuta mmoja kina matundu mengi yanayoonekana pande zote mbili. Hapo kinachobana maji ni kahawa yenyewe, kwa hiyo isagwe laini zaidi, hadi ukiifinya kati ya vidole ishikane kidogo.

Kwa miezi ya mwanzo kaa na cha kuta mbili. Wajuzi wanakidharau, ila kinakuruhusu ujifunze kupima, kushindilia na kusafisha bila kumwaga kahawa nusu kilo. Ukishapata kinu kizuri, agiza cha ukuta mmoja cha kipimo chako. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza na kila asubuhi

Mashine mpya ina harufu ya kiwandani. Jaza tangi, kamua maji matupu hadi tangi liishe, sehemu yapite kwenye bomba la mvuke, kisha rudia na maji mengine. Baada ya hapo utaratibu wa kila siku ni huu:

1. Washa mashine ukiwa umefunga mkono wake na kichujio kitupu, vipate moto pamoja. Taa ya kuashiria joto isikudanganye: maji yako tayari, chuma bado. Subiri dakika kumi ikiwa ina boila.

2. Kamua maji matupu kwenye kikombe, kupasha kikombe na mkono. Finjani zile za muuza kahawa ndizo saizi yenyewe.

3. Pima kahawa. Kichujio cha vikombe viwili cha milimita 51 huchukua gramu 14 hivi. Mizani ya jikoni haisomi vizuri uzito mdogo namna hii. Tafuta ile midogo ya mfukoni wanayotumia masonara na wanunuzi wa dhahabu, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Mkoa uliopakana na Geita haukosi mizani ya dhahabu.

4. Saga, mimina kwenye kichujio kikiwa kikavu, gongagonga pembeni kwa kiganja kahawa ilale sawa.

5. Shindilia mara moja, wima, kwa nguvu ya wastani. Kijiko cha plastiki kinachokuja na mashine kina upande wa kushindilia ambao mara nyingi ni mdogo kuliko kichujio. Kishindilio cha chuma cha milimita 51 ndicho kifaa cha kwanza cha kununua baada ya kinu. Kwa kichujio cha kuta mbili usikandamize sana.

6. Futa ukingo wa kichujio kwa kidole. Punje moja ya kahawa ikibaki hapo gasketi haikai.

7. Funga mkono, weka finjani juu ya mizani ikiwa inaenea, anza kukamua na kuhesabu muda papo hapo. Usisubiri, chuma cha moto kinaunguza kahawa iliyokaa.

8. Simamisha uzito wa kahawa kikombeni ukifika gramu 28 hadi 32. Muda uwe kati ya sekunde 25 na 30.

9. Acha mkono utulie nusu dakika kabla ya kuufungua, hasa ukitumia kichujio cha kuta mbili, maana msukumo unabaki ndani na ukifungua kwa pupa kahawa itakurukia.

Kurekebisha ladha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kahawa ikitoka kwa mbio, rangi hafifu, ladha ya uchachu na wepesi, saga laini zaidi. Ikidondoka kwa shida, nyeusi, inayokwangua koo, saga kwa ukubwa zaidi. Muda ukiwa sawa na uchungu bado umezidi, kamua kidogo: simamisha kwenye gramu 25. Matone ya mwisho ndiyo yenye uchungu mwingi, na kwa robusta yanajitokeza zaidi.

Usiabudu povu. Kichujio cha kuta mbili kinatengeneza povu hata kwa kahawa iliyochakaa, kwa kuwa kinaipuliza kupitia tundu dogo. Onja.

Kuna msaada mmoja ambao wakazi wa Pwani hawana. Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Espreso inataka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Boila ikiwa imepata moto kupita kiasi, maji yanayotoka kichwani hufoka na kutoa mvuke kwa kelele. Yakiacha kufoka na kuanza kutiririka kimya, yameshuka chini ya 96. Hivyo masikio yako ni kipimajoto: kamua maji matupu hadi kelele ikome, subiri sekunde chache, funga kahawa. Dar es Salaam kelele hiyo inakoma maji yakiwa bado na joto kubwa mno.

Maziwa

Mashine ndogo haiwezi kukamua na kutoa mvuke kwa wakati mmoja. Kamua kwanza, kisha ugeuze kwenye mvuke.

Maziwa mabichi ya mfugaji yachemshwe kwanza kwa ajili ya usalama, yapozwe, utando wa juu utolewe, halafu yalale kwenye friji. Povu linataka maziwa ya baridi. Ya uvuguvugu yanapata moto kabla hujapata nafasi ya kuyapuliza. Ya paketi nayo yanafaa, mradi si yale yaliyopunguzwa mafuta kabisa.

Fungua mvuke kwanza utoe maji yaliyotulia bombani, ufunge. Zamisha ncha ya bomba kidogo tu chini ya uso wa maziwa, fungua mvuke wote. Isikike sauti ya karatasi inayochanwa taratibu. Ikipiga kelele kali umezamisha mno, ikirusha matone umeinua mno. Maziwa yakishavimba kiasi, zamisha zaidi yazunguke. Shika jagi kwa kiganja: likishindikana kushikika umefika nyuzi 60 na kitu, funga. Yakipita 70 utamu wake unapotea na harufu ya kuungua inaanza. Futa bomba kwa kitambaa kibichi papo hapo na upulize mvuke kidogo, kwani maziwa yaliyokaukia humo yanaziba tundu na kuoza.

Baada ya mvuke boila ina joto kali. Anayetaka kukamua kikombe cha pili ayatoe maji hayo mpaka kelele iishe, kama ilivyoelezwa.

Usafi

Kila baada ya kikombe gonga makapi, kamua maji kidogo bila kichujio, futa kichwa kwa brashi au kitambaa. Makapi yanaweza kwenda kwenye mbolea ya bustani. Mara moja kwa wiki loweka kichujio na mkono kwenye maji ya moto na sabuni kidogo ya vyombo, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe. Tundu la kichujio cha kuta mbili lizibuliwe kwa sindano nyembamba.

Magamba ya chokaa yanaondolewa kwa ndimu ya unga: kijiko kimoja kikubwa kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, koroga iyeyuke yote. Kamua nusu, zima mashine robo saa, malizia nusu iliyobaki, sehemu yake ipite kwenye bomba la mvuke, kisha pitisha matangi mawili ya maji safi. Siki nayo inaondoa chokaa, ila harufu yake inakaa siku nyingi na mipira haiipendi. Kwa maji ya bomba ya ziwa mara mbili au tatu kwa mwaka inatosha. Kwa kisima chenye ukoko, kila mwezi mmoja au miwili.

Ikigoma

Pampu inanguruma na maji hayatoki: mara nyingi imevuta hewa, hasa tangi likiishiwa. Jaza tangi, likandamize likae vizuri kwenye vali yake, fungua bomba la mvuke na uwashe pampu kwa vipindi vifupi hadi maji yatokee hapo. Isipokubali, angalia uchafu kwenye chujio dogo chini ya tangi. Usiiache ikinguruma kavu; pampu hizi hupozwa na maji yanayopita ndani yake.

Maji yanatiririka pembeni ya mkono: safisha kingo kwanza. Yakiendelea, gasketi imekakamaa. Ing'oe kwa bisibisi bapa, uende na ile ya zamani mkononi, kwa sababu mashine zinazofanana kwa nje zinatofautiana unene kwa milimita moja au chini yake. Nunua mbili.

Kahawa haitoki kabisa na taa ziko sawa: ondoa mkono baada ya kusubiri msukumo upungue, jaribu maji matupu. Yakitoka, tatizo ni kusaga au kichujio kilichoziba. Yasipotoka, ondoa skrubu iliyo katikati ya kichwa, toa kichujio bapa cha juu, utakuta tope la kahawa la miezi. Loweka, piga brashi, rudisha.

Inakata umeme wa nyumba ikiwashwa: chomoa na usijaribu tena. Hita imevuja au maji yamefika kwenye waya, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita ya kupima. Fundi anayetengeneza pasi na majagi ya umeme anaweza kupima hita na fyuzi ya joto ndani ya mashine hii, kwa kuwa ni vitu vile vile. Mwambie tu asiunganishe waya moja kwa moja kuiruka fyuzi ya joto, hata kama kipuri hakipo siku hiyo. Bila fyuzi hiyo boila ikiishiwa maji hakuna kitakachoizima.